Ardhi Imerudi Kijani, Je, Mchicha Wake Unalika?

Mgodi ukifungwa, picha inayopigwa mara nyingi ni ile ile. Shimo limefukiwa, kifusi kimesawazishwa, udongo mweusi umemwagwa juu na miche imepandwa kwa mstari. Mgeni rasmi anamwagilia mche wa mwisho, watu wanapiga makofi, na kesho yake tunasoma kwamba ardhi imerejeshwa. Misimu miwili mitatu baadaye mtu analima hapo. Anapanda mahindi, pembeni anaweka mchicha na matembele, na vinastawi kweli kweli. Sasa lipo swali dogo la jikoni ambalo ile picha haiwezi kulijibu: hiyo mboga iliwe au isiliwe?

Wanachuo wenzangu, swali hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Sisi wa ualimu, tukibahatika kupata ajira (na hali ya ajira mnaijua), wengine tutaripoti shule za Geita, Kahama, Nzega, Chunya au Tarime, na shule nyingi zina shamba la kusaidia chakula cha mchana. Wenzetu wa kilimo wataulizwa ushauri. Wa sheria watasoma mikataba ya kufunga migodi. Na sote tunakula, hilo halina kozi.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Kijani siyo ushahidi wa usalama, na hata kipimo cha udongo peke yake hakitoshi. Ukitaka kujua kama ardhi iliyochimbwa inaweza kulisha watu, lazima ujue ni metali gani iliyopo, udongo una tabia gani, zao gani limepandwa, na mlaji anategemea shamba hilo kwa kiasi gani. Halafu upime zao lenyewe. Nitalieleza hili kwa kupitia bonde moja la Japani na kijiji kimoja cha Uingereza, kwa sababu huko vipimo vilifanyika kwa miaka mingi na majibu yake hayakuwa yale ambayo mtu angeyatarajia. Kisha turudi huku kwetu.

Kwa nini mgodi uliofungwa haunyamazi

"Metali nzito" ni jina la jumla linalobeba risasi, kadimiamu, zebaki, shaba, zinki, nikeli na nyinginezo. Aseniki nayo huchanganywa humo, ingawa wa kemia watakwambia siyo metali kamili. Baadhi mwili unazihitaji kidogo. Bila zinki na shaba hatukui vizuri. Lakini risasi, kadimiamu na zebaki mwili hauna kazi nazo kabisa.

Tofauti yake na uchafu mwingine ni kwamba haziozi. Dawa ya wadudu huvunjwavunjwa na jua, maji na bakteria. Mafuta yaliyomwagika, vijidudu huyala polepole. Lakini risasi ni elementi. Rudi kwenye jedwali la elementi tulilokariri kidato cha pili: hakuna bakteria mwenye uwezo wa kuitoa risasi kwenye kisanduku chake na kuipeleka kingine. Inaweza kuhama, kujificha, au kuungana na kitu kingine, ila atomi zake zinabaki zile zile.

Kabla ya uchimbaji, metali hizo zilikuwa zimefungwa ndani ya mwamba, chini, mbali na hewa. Mgodi unafanya mambo mawili: unazipandisha juu, na unazisaga. Jiwe likiwa unga, sehemu inayogusana na hewa na maji inaongezeka mara nyingi mno, ndiyo maana sukari ya kawaida inayeyuka kwenye chai haraka kuliko bonge la sukari guru. Kama mwamba una madini ya salfaidi, hewa na maji huyageuza kuwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo inaziyeyusha metali zilizobaki. Kazi hii haihitaji meneja wala umeme. Inaendelea yenyewe miaka mingi baada ya geti kufungwa.

Urejeshaji wa ardhi, kwa lugha rahisi, ni kufunika. Unaweka tabaka la mfinyanzi, juu yake udongo mzuri, juu yake nyasi na miti. Likifanywa vizuri ni jambo jema kabisa. Ila tabaka likiwa jembamba, mizizi inalipenya, mvua inalichimba, na jembe linachanganya cha chini na cha juu. Wapo pia wachimbaji wengine ambao hawakusaini mkataba wowote: mchwa. Wanapandisha udongo wa chini mpaka juu kila siku, na ndiyo sababu wajiolojia wanaotafuta dhahabu Afrika huchukua sampuli kwenye vichuguu ili wajue kilichopo chini. Kinachomsaidia mjiolojia kupata dhahabu ndicho kinachoweza kumletea mkulima aseniki.

Mmea siyo mrija

Wengi tunaufikiria mmea kama mrija wa soda: kilichopo chini kinapanda juu. Sivyo unavyofanya kazi. Mzizi hunywa kile tu kilichoyeyuka kwenye maji ya udongo, na hata hicho kinapita kwenye milango maalumu. Shida ni kwamba milango yenyewe ni ya chakula cha mmea, haimtambui kila mgeni. Kadimiamu inafanana na zinki kikemia, zimo kundi moja kwenye jedwali, basi inaingia. Kwenye mpunga, kadimiamu hupita zaidi mlango wa manganizi. Aseniki, kwenye jaruba lililojaa maji, hupita mlango wa silika ambayo mpunga unaitumia kuimarisha mabua.

Kwa sababu hiyo, metali hizi tunaweza kuzipanga kwa tabia, na ukizipanga hivyo mambo mengi yanaeleweka.

Kundi la kwanza ni zile zisizopenda kupanda juu. Risasi ndiyo mfano. Inang'ang'ania chembe za udongo, na hata ikiingia, nyingi inabaki kwenye mizizi. Ukikuta risasi nyingi kwenye mchicha, mara nyingi imekuja kwa nje: vumbi lililotua kwenye majani au matone ya mvua yaliyorusha udongo.

Kundi la pili ni zile zinazomdhuru mmea kabla ya mlaji. Shaba, zinki na nikeli zikizidi sana kwenye udongo, zao linageuka njano, linadumaa, au halioti kabisa. Hapo mmea wenyewe unakuwa mlinzi wetu, maana hakuna cha kuvuna.

Kundi la tatu ndilo la kuogopa: zinazopita kimya. Kadimiamu ndiyo kiongozi wake. Mmea unaweza kubeba kadimiamu inayozidi kiwango cha usalama wa binadamu huku majani yake yanang'aa na soko linaugombania. Hapa hakuna mlinzi getini.

Nilipokuwa fildi, kwenye shule moja iliyo jirani na wachimbaji wadogo, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: "Mwalimu, mbona mahindi yaliyoota juu ya marudio ni mafupi na ya njano, ila mchicha wa pale pembeni ni mzuri? Si ina maana pembeni hakuna sumu?" Ni swali la mtu anayetazama vizuri. Nilimjibu kwamba mahindi yale yanaweza kuwa na njaa tu, kwa sababu marudio ni unga wa mawe, hayana mboji wala naitrojeni. Kudumaa hakuthibitishi sumu. Na kwa sababu ya kundi la tatu, kustawi nako hakuthibitishi usalama. Jicho peke yake haliwezi kutoa hukumu hapa, wala ulimi, maana kadimiamu haina ladha wala harufu kwenye chakula.

Wenzetu wa Katanga, kule Kongo, wanao mfano mzuri wa hili. Kwenye udongo wenye shaba nyingi, ambako miti ya kawaida inashindwa, huota mmea mdogo wenye maua ya zambarau unaoitwa kitaalamu Haumaniastrum katangense, maarufu kama ua la shaba. Wanaakiolojia wameutumia kutambua mahali ambapo wahenga walikuwa wakiyeyusha shaba. Mmea wenyewe uko salama, umechanua, tena unapendeza. Uzima wake unakupa habari ya udongo wenye metali, kinyume kabisa na vile jicho la kawaida lingesoma.

Bonde la Jinzu: mchele uliovunja mifupa

Tuje Japani. Mto Jinzu unapita mkoa wa Toyama na kumwagilia mashamba ya mpunga. Juu yake, mkoa wa jirani wa Gifu, ulikuwepo mgodi wa Kamioka uliotoa zinki na risasi. Kadimiamu kwa asili huambatana na zinki. Kwa miaka mingi mabaki ya mgodi yaliingia mtoni, mto ukayapeleka kwenye mifereji, na mifereji ikayatandaza kwenye majaruba kama mbolea isiyoombwa.

Watu wa bonde walianza kuugua ugonjwa wa ajabu. Waathirika wakubwa walikuwa wanawake wa makamo na wazee, hasa waliozaa watoto wengi. Mifupa ililainika na kuvunjika kwa jambo dogo, wengine kwa kukohoa tu. Jina la ugonjwa lilitokana na kilio chao: itai-itai, yaani "inauma, inauma". Kilichokuwa kinatokea ni kwamba kadimiamu ya kwenye wali ilikuwa ikijikusanya kwenye figo. Metali hii ikishaingia mwilini hukaa kati ya miaka 10 na 30 kabla nusu yake haijatoka. Figo zikichoka zinaachia madini ambayo mifupa inayahitaji. Na mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza kadimiamu zaidi, ndiyo maana akina mama ndio waliolipa bei kubwa.

Daktari wa huko huko, Noboru Hagino, aliwatibu wagonjwa hao baada ya Vita Kuu ya Pili, na akishirikiana na wanasayansi akaelekeza kidole kwenye kadimiamu ya mgodi. Hakuaminiwa haraka. Mwaka 1968 ndipo serikali ya Japani ilipotamka rasmi chanzo chake. Wakazi walifungua kesi mwaka huo huo dhidi ya kampuni ya Mitsui, wakashinda mwaka 1971, na rufaa ya kampuni ikagonga mwamba mwaka 1972. Waliotambuliwa rasmi kama wagonjwa wanafikia takribani 200.

Kuna jambo la kisayansi hapa ambalo wakulima wa mpunga wa nchi yoyote wanapaswa kulijua. Jaruba likijaa maji, oksijeni inapungua kwenye udongo, na kadimiamu inaungana na salfa na kuwa kitu kisichoyeyuka. Inatulia. Mkulima akikausha jaruba mpunga unapokaribia kukomaa, hewa inaingia, kadimiamu inaachiwa, na mpunga unaifyonza wakati ule ule unapojaza punje. Basi ungesema dawa ni kuacha maji mpaka mwisho. Lakini aseniki inafanya kinyume: jaruba likijaa maji ndipo inapoachiwa. Ukiufunga mlango mmoja unaufungua mwingine. Kwa hiyo bila kujua ni metali ipi uliyonayo, ushauri ule ule unaweza kumwokoa mkulima wa hapa na kumdhuru wa pale.

Baada ya kushinda kesi, wakazi wa Jinzu walidai mambo matatu: fidia, mashamba yarejeshwe, na haki ya wao wenyewe kuingia mgodini kukagua kila mwaka wakiwa na wanasayansi wao, kwa gharama ya kampuni. Urejeshaji ulianza mwaka 1979. Udongo mchafu ulizikwa chini, tabaka gumu likashindiliwa, na udongo safi ukawekwa juu. Hekta 863 zilirejeshwa namna hiyo, na kazi ikakamilika mwaka 2012. Hesabu mwenyewe: miaka 33, kwa nchi tajiri yenye mitambo ya kila aina. Ukisikia mahali popote kwamba ardhi imerejeshwa kwa msimu mmoja, kumbuka namba hiyo.

Shipham: udongo mchafu zaidi, watu wazima

Sasa njoo Uingereza, kijiji cha Shipham, Somerset. Zamani, hasa karne ya 18, watu walichimba hapo madini ya zinki. Mashimo yakafukiwa, nyumba zikajengwa juu yake, watu wakalima bustani. Mwaka 1979 ikajulikana kwamba udongo wa bustani hizo una kadimiamu ya kutisha: makumi, na mahali pengine mamia ya miligramu kwa kilo moja ya udongo. Majaruba ya Jinzu, yaliyovunja watu mifupa, kwa wastani yalikuwa na miligramu chache tu kwa kilo.

Taharuki ilikuwa kubwa, na wataalamu wakaenda kupima watu na mboga. Kadimiamu kwenye mboga ilikuwa imepanda, lakini ugonjwa wa aina ya Jinzu haukuonekana. Udongo mchafu mara nyingi zaidi, madhara madogo zaidi. Imekuwaje?

Sababu ya kwanza ni udongo. Udongo wa Shipham una chokaa, hauna asidi. Kwenye udongo wa namna hiyo kadimiamu nyingi inashikwa, haiyeyuki, na kisichoyeyuka mzizi haukinywi.

Sababu ya pili ni zao. Mboga za Shipham zilibeba zinki nyingi pamoja na kadimiamu, na zinki husaidia kupunguza kadimiamu inayofyonzwa tumboni. Punje ya mchele, kwa upande wake, inaweza kubeba kadimiamu huku ikiwa na zinki na chuma kidogo. Mlaji anapokea mzigo bila kinga.

Sababu ya tatu, na kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote, ni sahani. Mwingereza wa mwaka 1979 alikula kabichi ya bustanini kwake mara moja moja, lakini mkate, nyama, viazi na maziwa vingi alinunua dukani, vikiwa vimetoka kila kona. Mkulima wa Jinzu alikula mchele wa jaruba lake asubuhi, mchana na jioni, miaka yote ya maisha yake.

Sasa tujiulize sisi kwa sahani tuko upande gani. Familia inayotoa ugali, mchicha, matembele, maharage na muhogo kwenye shamba moja la nyuma ya nyumba inafanana na Jinzu, haifanani na Shipham. Kiwango cha udongo ambacho nchi ya watu wanaonunua chakula dukani wanakiona kinavumilika, kwetu kinaweza kuwa kikubwa mno.

Nikupe kipimo cha udogo wa kitu hiki. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu kadimiamu isiyozidi miligramu 0.4 kwa kilo ya mchele uliokobolewa, na 0.2 kwa kilo ya mboga za majani. Punje moja ya mchele ina uzito wa karibu miligramu 20. Kwa hiyo chukua punje moja, ikate vipande 50, kipande kimoja kiweke ndani ya kilo nzima. Hicho ndicho kiwango cha mwisho. Mtu asikudanganye kwamba anaweza kukiona kwa macho.

Vumbi nalo linapanda mezani

Nisije nikaacha picha kwamba kila kitu kinapitia mizizini. Kabwe, Zambia, mji ulio kwenye reli ya kwenda migodi ya shaba, ulikuwa na mgodi wa risasi na zinki tangu mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka mwaka 1994. Mgodi umefungwa miaka zaidi ya 30, lakini watoto wa mitaa ya jirani wameendelea kukutwa na risasi nyingi kwenye damu. Njia kubwa ni vumbi na udongo: mikononi, uani, kwenye vyombo, kwenye majani ya mboga. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwa mtoto kinachoumia kwanza ni ubongo. Kwa mwalimu hiyo ni habari ya darasani moja kwa moja. Mtoto tunayemwita mzito wa kuelewa huenda ana mzigo ambao hakuuchagua.

Hapa ndipo kuosha mboga kunaposaidia. Risasi ya vumbi inatoka sehemu kubwa ukiosha majani vizuri kwa maji safi, na viazi au muhogo ukiumenya baada ya kuuosha. Kadimiamu haitoki, maana iko ndani ya jani lenyewe. Kuchemsha nako hakuiui, haina uhai wa kuuawa.

Zebaki ina njia yake ya tatu. Wachimbaji wadogo wakichoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, mvuke wake unapanda hewani, na majani ya mimea yanaufyonza moja kwa moja kutoka hewani. Shamba linaweza kuwa na udongo safi na bado mboga zake zikabeba zebaki kwa sababu ya moto wa jirani.

Turudi nyumbani

Tanzania tayari inayo migodi mikubwa iliyofika mwisho. Mgodi wa Golden Pride, Nzega, ule ambao wengi waliuita Resolute, umefungwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Buzwagi, Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukamaliza mwaka 2021, na mipango ya eneo lake imekuwa ya viwanda na uwekezaji. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kanuni zake zinataka mgodi mkubwa uwe na mpango wa kufunga na uweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kukarabati eneo. Sisemi kwamba ardhi ya mgodi fulani ina sumu. Hilo ni la kupimwa, siyo la kutangaziwa kwenye gazeti la wanafunzi. Na kuigeuza ardhi iliyochimbwa kuwa eneo la viwanda badala ya shamba la mboga ni uamuzi wenye mantiki, kwa sababu hakuna anayekula ghala.

Ninachohofia zaidi ni pale pasipo na mpango wala dhamana. Maduara ya zamani, viwanja vya karasha, mialo ya kuoshea mchanga, marundo ya marudio ambayo mwenyewe alishahama. Maeneo haya hayafungwi kwa sherehe. Yanaachwa tu, mvua inanyesha, majani yanaota, na kwa sababu ardhi ni adimu, mtu anapanda viazi. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, lakini mkataba hauwezi kuokota zebaki iliyokwishamwagika kwenye mchanga wa mwalo wa mwaka 1995.

Kinachoweza kufanyika

Habari njema ni kwamba ardhi ya namna hii siyo lazima ihukumiwe kifungo cha maisha. Zipo njia, na nyingine si ghali.

Chokaa ya kilimo ikipunguza asidi ya udongo, kadimiamu na risasi zinashikwa zaidi. Mboji na samadi iliyoiva husaidia kushika baadhi ya metali na kuupa mmea afya. Mbolea ya fosfati huifunga risasi kwenye umbo gumu kuyeyuka. Lakini kumbuka fundisho la jaruba: fosfati hiyo hiyo inaweza kuiachia aseniki, na chokaa ikizidi nayo pia. Kwa hiyo kupima kwanza, kumwaga baadaye.

Njia ya pili ni kuchagua zao. Kwa ujumla, majani hukusanya zaidi kuliko matunda na nafaka nyingi. Mahindi huwa salama kuliko mchicha kwenye udongo ule ule wenye kadimiamu. Nyanya na mikunde ya punje huwa na nafuu kuliko spinachi. Pale palipo pabaya, panda miti ya mbao au pamba, vitu ambavyo haviendi mdomoni.

Njia ya tatu inapendwa sana kwenye semina zetu: mimea inayofyonza metali. Ni sayansi ya kweli, lakini tuwe wakweli pia kuhusu muda. Kwenye udongo uliochafuka sana inaweza kuchukua miongo, na mmea uliofyonza metali haufi na metali zake. Ukiulisha mbuzi, umeihamishia sumu kwenye supu.

Vipimo navyo siyo ndoto. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo. Chuo cha Sokoine kina maabara ya udongo Morogoro, na TARI wana kituo cha utafiti wa udongo Mlingano, Tanga. Shule yenye shamba karibu na mgodi wa zamani, kijiji kinachokabidhiwa ardhi, au halmashauri inayogawa viwanja vya bustani, kabla ya kushukuru iulize maswali haya matano:

1. Ni metali zipi zilizopimwa, na je, kadimiamu na aseniki zimo? Mgodi wa dhahabu haumaanishi upime dhahabu na zebaki tu.
2. Kiwango cha pH ya udongo ni kipi?
3. Tabaka la udongo safi lina kina gani, na chini yake kuna nini?
4. Je, mazao yenyewe yamepimwa, yale yanayoliwa hapa, kwa misimu zaidi ya mmoja?
5. Nani atarudi kupima baada ya miaka mitano na kumi, na kwa fedha ya nani?

Swali la tano ndilo wakazi wa Jinzu walilolijibu vizuri kuliko mtu yeyote. Hawakuishia kwenye hukumu ya mahakama. Tangu mwaka 1972 wamekuwa wakiingia kwenye mgodi uliowaumiza, kila mwaka, na wataalamu wao, wakipima maji. Waliougua wengi wamekwishafariki, lakini ukaguzi umeendelea.

Sisi hapa chuoni tuna nafasi yetu. Wa mwaka wa mwisho mnatafuta mada za utafiti, na kila mwaka nasikia malalamiko kwamba mada zimeisha. Hii hapa haijaisha. Wa kemia na kilimo wapime, wa sheria wasome masharti ya dhamana, wa takwimu wapange sampuli, na sisi wa ualimu tuwafundishe watoto kwamba mchicha mzuri ni ule uliopimwa. Sampuli ya mchicha haijazi hata mfuko wa rambo, na yule mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alishaanza kazi bila bajeti yoyote: alitazama mimea miwili na akauliza swali.